Mara ya Tano

Hind amekufa. Majid mwenyewe ndiye aliyenipigia simu, asubuhi, nami nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki mlangoni pa jiko nikiwatazama wapishi wangu wakipakia masufuria ya harusi garini. Nikapanda ndege Riyadh mpaka Jeddah na magoti haya, nikakaa msibani siku moja, nikarudi. Nyumba ni ileile ya Al-Safa, ila ukuta wa nje wameupandisha na sebule wameitia marumaru. Wanawake walikuwa wengi, kahawa chungu ikizunguka, tende zikizunguka, na wengi wao hawakunijua. Msichana mmoja aliyekuwa akigawa maji akainama, akaniuliza kwa adabu, "Mama, wewe nani kwa marehemu?" Nikamjibu, "Nilikuwa nikimpikia." Akaridhika, akapita. Jibu lile lilikuwa la kweli, na lilikuwa la uvivu. Nimechoka. Umri huu mtu hujibu kifupi kwa sababu pumzi hazitoshi. Jibu refu nimelibeba karibu miaka hamsini, na sasa kwa kuwa Hind hayupo wa kulikanusha, nimeona niliandike. Naandika polepole. Skuli niliacha darasa la tatu, na herufi zangu hadi leo hutembea upande kama kaa. Lakini nina jiko lenye watu thelathini wanaongoja niseme yalla ndipo wawashe moto, na hilo sikufundishwa darasani.

Nani alimzaa nani na tulifikaje huku baada ya sitini na nne, sitaeleza. Kila Mzanzibari wa Jeddah anayo hadithi hiyo na zote zinafanana. Mimi naanza na jiko la Al-Safa, katikati ya miaka ya sabini, wakati fedha ya mafuta inamwagika na mji mzima unajengwa kwa pamoja, kila mtaa vumbi, kila mtu na ramani ya nyumba kwapani. Bosi wetu, Baba Talal, alikuwa akileta saruji. Meli za saruji zilipanga foleni nje ya bandari miezi, nyingine ikizikaukia tumboni, na yeye akawa mtu wa kujua ni mlango gani ubishwe ili meli yake ishushe kwanza. Mume wangu Seif, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wake. Mimi nilikuwa mpishi. Tulipewa chumba cha uani, kando ya tangi la maji, na ikama zetu, vibali vya kukaa nchini, na pasi zetu zilikaa kwenye kabati la chuma ofisini kwa bosi, kwa kuwa yeye ndiye kafili, mdhamini wetu, na hatukuona ajabu. Mama yake bosi, Bibi Shamsa, alizaliwa Malindi, Unguja, akaolewa Jeddah kabla sisi hatujazaliwa. Alikuwa na Kiswahili cha zamani, kikavu, cha kukata kama wembe, na alikitunza kwa ajili yangu tu, maana hapakuwa na mwingine nyumbani mle wa kumtukana kwa lugha aliyoipenda. Mke wa bosi, Madam Hind, alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mzuri, mwoga, mwenye mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, Majid, wa miezi minne. Maziwa yake yalikauka kabla ya arubaini kwisha. Mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo. Na mimi nilikuwa na Rukia wangu, miezi minane, niliyemnyonyesha baina ya sufuria na sufuria, nimekaa juu ya gunia la mchele.

Jiko lile lilikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kupitia kidirisha hicho nilisoma zaidi kuliko nilivyosoma skuli. Siku moja mchana nilisikia Baba Talal anamwambia mama yake kwamba kuna mhandisi wa Kizungu ana boti ya tanga pale kwenye ghuba, kila Ijumaa anapeleka watoto wake. "Mimi ninayewaletea saruji ya kujengea, sina hata ngalawa," akasema. Bibi Shamsa akatafuna kwanza, akameza. "Tanga ni la mtu asiyekuwa na injini. Babu yako alitoka kwenye tanga kwa jasho, wewe unataka kulipia urudi." Lakini Baba Talal alikuwa amekwisha kukodi. Boti kubwa, nahodha wake Mgiriki, wiki tatu visiwani kwa Wagiriki, familia yote. Bibi Shamsa akakubali kwa sharti moja, kwamba hatakula nyama ya mkono asioujua. Basi nami nikaingizwa safarini kama birika.

Hakuna aliyeniuliza. Rukia asingekwenda, kwa kuwa Bibi alisema chombo kimoja hakibebi vilio viwili. Dada yangu Asha, aliyekuwa akiishi Al-Nuzha, akamchukua. Nilimwambia, "Maziwa yatakauka." Asha hakuacha hata kukunja nguo. "Yakamue kila siku. Ziwa ni kama kisima, likitekwa halikauki. Akirudi mama yake atanyonya, na akisusa nitampiga." Alikuwa anamsema Rukia, mtoto wa miezi minane. Tukacheka, kisha nikaingia chooni nikalia, nikatoka nikaenda kufunga mizigo.

Mizigo ile lazima niieleze, maana yote yaliyofuata yalitoka humo. Bibi Shamsa alifunga kama watu wa zamani walivyofunga kwenda Hija. Mchele, samli, tende, ndimu kavu, mabuli mawili, mkeka. Maziwa ya Majid yalikuwa makopo kumi na manane, ya kutosha wiki tatu na ziada, yamefungwa kiwandani, yana mfuniko wa bati usiopitisha hata hewa. Bibi akayatazama akasema yanakula nafasi. Akachukua debe moja la samli lililokwisha, akalisugua kwa majivu, akalianika juani siku mbili, akafungua makopo yote, moja baada ya moja, akamimina unga wote ndani ya debe, akafunga mdomo wake kwa kitambaa na kamba. Kila mwanamke wa kwetu wa umri wake angefanya vivyo hivyo. Vitu havikai katika vyombo vilivyokuja navyo, huhamishwa. Sukari huhamishwa, chai huhamishwa. Makopo matupu akawagawia majirani wapandie asumini. Mimi nilisimama pale nimeshika kamba. Nilidhani ni busara.

Tulipanda boti Athene. Nahodha alikuwa mtu mfupi, mashavu mekundu, aliyekulia Iskandaria, kwa hiyo Kiarabu chake kilikuwa cha Kimisri na mabinti wakamcheka. Jiko la boti lilitundikwa kwa vyuma viwili ili chombo kikilala lenyewe lisilale, likawa linabembea kama susu. Nilijifunza kupika wali huku nimefunga kiuno changu kwa mkanda kwenye ukuta. Siku ya kwanza bahari ilikuwa kama sahani. Siku ya pili ukaja upepo wa kaskazini, ambao nahodha alisema kila kiangazi huja na hauna nidhamu, na familia nzima ikalala chini ikitapika. Hind alikuwa amekunjana kama kitambaa kibichi. Siku ya tatu asubuhi wimbi likapanda juu, likaingia kwa mlango wa paa uliosahauliwa wazi, likashuka mpaka kwenye mizigo. Nilipofungua kitambaa cha lile debe nikakuta uji. Nikaonja kwa kidole. Chumvi tupu. Bibi Shamsa alikuwa nyuma yangu, ameshika ukuta. Akaonja naye. Kama angeyaacha makopo yalivyokuwa, bahari nzima isingeyafanya kitu, na alilijua hilo pale pale, na nilijua kwamba anajua.

Nahodha akakimbilia bandari ya karibu. Kisiwa kidogo, kama mtu kateremsha mawe baharini akayapaka chokaa. Gati moja fupi, nyumba labda hamsini, kanisa, mkahawa wa kahawa wenye meza tatu, duka moja la mwanamke mzee aliyevaa nyeusi toka utosini kama mtu wa kwetu. Punda, mbuzi, paka. Daktari mafi, hakuna. Maziwa ya kopo mafi. Nahodha akauliza dukani, akauliza kanisani. Maziwa yatakuja kwa boti kutoka kisiwa kikubwa, na boti itakuja upepo ukilala. Lini? Akainua mabega. Mwanamke wa dukani akatuletea maziwa ya mbuzi kwenye chupa, mwenyewe, bila kuambiwa, na ndimu tatu juu. Nikayachemsha, nikayatia maji, nikayachuja kwa kitambaa. Majid akanywa, akayarudisha yote, na yaliyobaki yakatoka chini kama maji. Mpaka adhuhuri alikuwa halii tena kwa sauti, alikuwa analalamika tu, kama mlango.

Na mimi kila alipolalamika nilikuwa naloa. Mwanamke aliyezaa ataelewa. Asubuhi na jioni nilikuwa najikamua kwenye beseni la jikoni na kumwaga, na sasa kanzu yangu ilikuwa na madoa mawili kifuani ambayo hata Baba Talal aliyaona, akatazama pembeni. Hind akajiinua kitandani kwake. "Zuwena," akasema, "mnyonyeshe." Nikanyoosha mikono. Bibi Shamsa akasema, kwa Kiswahili ili mkwewe asisikie vizuri, "Hebu ngoja. Ukinyonyesha mtoto wa mtu, wajua unalofanya?"

"Najua, Bibi."

"Sema."

"Mara tano za kushiba, ni mwanangu. Na watoto wangu ni nduguze. Na Seif ni babake."

"Dereva," akasema Bibi. "Dereva wa saruji awe baba wa mjukuu wangu. Na wewe kesho uje mlangoni na binti yako mkononi mkisema sisi wa hapa." Akavuta tasbihi yake, akatenga punje nne kwa kidole. "Mara nne. Zitamfikisha mpaka boti ije. Nne, halas, basi. Hakuna dini iliyovunjika na hakuna undugu ulioungwa."

Nikamnyonyesha. Ya kwanza mchana ule, mtoto akishika kwa nguvu ya mtu aliyekata tamaa, mikono yake midogo inanifinya. Ya pili jioni. Ya tatu alfajiri. Ya nne adhuhuri ya siku ya pili. Baina yake tulimpa maji ya sukari kwa kijiko. Kila mara Bibi Shamsa alikaa mbele yangu, magoti yamegusana na yangu, akitazama mdomo wa mtoto kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika. Mtoto akiachia mwenyewe, Bibi anasogeza punje. Rangi ikamrudi Majid. Akacheka mara moja. Ya nne ilipokwisha Bibi akamchukua mikononi mwangu, akamfunika, akasema, "Ahsante," kama anavyosema nikimletea chai.

Upepo haukulala. Jioni ile mtoto alikunywa maji ya sukari akatapika. Siku ya tatu asubuhi tulijaribu tena maziwa ya mbuzi, maji mengi maziwa kidogo, tukajaribu maji ya mchele. Yote yalitoka. Wakati wa adhuhuri utosi wake ulikuwa umebonyea, na ukimfinya ngozi inabaki imesimama. Baba Talal alikuwa kule mkahawani, tangu asubuhi anagombana na simu ya kuzungusha, akitaka kutuma watu walete boti kwa bei yoyote. Bibi Shamsa akashuka gatini na mabinti, nadhani alishindwa kukaa akisikiliza. Hind akaja jikoni na mtoto.

"Bibi kashuka. Mpe sasa, upesi."

"Hii ya ngapi, madam?"

"Usiniulize ya ngapi. Mpe."

"Hii ya tano. Ikiingia hii, huyu ni mwanangu na Rukia ni dada yake. Unalijua hilo?"

"Hakuna atakayejua. Mimi na wewe tu."

"Basi sitaki."

Alinitazama kama nimempiga. Na nitasema ilivyokuwa, maana sikuanza kuandika ili nijipambe. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ya dini, na niliisema. Watoto wa watumishi hukulia jikoni kwa matajiri, binti anatimiza miaka kumi na sita, kijana wa nyumba kumi na tano, milango iko wazi, na Mungu anajua nimeona nini katika majumba yale. Undugu wa siri ni shimo lililofunikwa mkeka. Mtu ataoa dada yake, au atamfanyia vibaya zaidi ya kumwoa, na wawili tunaojua tumekufa au tumenyamaza. Lazima lisemwe mbele ya watu. Ya pili sikuisema. Nilikuwa nimechoka kukamuliwa kwa hesabu ya mtu mwingine. Mtoto wangu yuko Al-Nuzha ananyonya chupa, mimi hapa natekwa mara nne, halas, kama bomba lenye funguo. Nikataka waseme. Nikataka watu wale, walioniweka kwenye pasi yao kama mzigo, waseme kwa vinywa vyao kwamba mtoto huyu ni wangu.

"Unamwua mwanangu kwa maneno," Hind akasema.

"Maneno mepesi, madam. Yasemeni. Mwite baba na mwite Bibi, waseme hapa, nami nampa."

"Bibi hatakubali."

"Basi mwache Bibi amnyonyeshe."

Akaondoka analia, akamwacha Majid juu ya meza, kwenye mkeka, mbele yangu. Nadhani alidhani nitashindwa. Nilikaa naye. Nilimtia maji mdomoni kwa ncha ya kidole. Maziwa yalikuwa yananitiririka mpaka kiunoni, na mtoto akageuza uso akitafuta harufu, na sikumpa. Kuanzia adhuhuri hadi karibu na alasiri sikumpa. Watu wananisifu kwamba mimi mwanamke wa msimamo. Wafanyakazi wangu wanasema, ukimshinda Mama Zuwena kwa neno nenda kachukue zawadi. Hawajui msimamo ule nilijifunzia wapi, na juu ya nani. Nimepika harusi zisizo na idadi, nimezika mume, na bado nikilala mchana nauona ule mdomo unafunguka na kufumba. Kama angekufa katika saa zile ningekuwa nimemwua mimi, na dini yangu nzuri isingenisaidia kitu. Nilijua hilo nikiwa nimekaa pale. Nikakaa.

Walikuja pamoja, Baba Talal mbele, jasho limemshika, Bibi nyuma amesaidiwa na nahodha kupanda ubao. Hind alikuwa ameshawaambia. Nahodha akamtazama mtoto, akavua kofia, akamwambia Bibi kwa Kimisri chake, "Ya hagga, huyu hafiki kesho," kisha akaenda mbele ya chombo, akatuachia faragha. Baba Talal akasema, "Mama."

Bibi Shamsa alikaa. Alikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni, mahali asipokaa mtu kama yeye. Akanisemesha mimi, si mwanawe. "Umetushika pabaya."

"Ndiyo, Bibi."

"Mama yako alikufundisha?"

"Sina mama, Bibi. Maisha yamenifundisha."

"Ukaidi huu wa Ng'ambo," akasema, akitaja mtaa wa kwetu Unguja. "Naujua. Nilikuwa na yaya wa Ng'ambo." Akatazama lile debe lililokuwa limeinamishwa pembeni. Kisha akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya watu wote, "Makopo niliyafungua mimi. Hakuna aliyenituma. Talal, sema anachotaka."

Baba Talal alikuwa mtu wa kuzungumza na mawaziri, lakini alimtazama mtoto kwanza. "Mnyonyeshe," akasema. "Ni mwanao. Mimi babake nashuhudia."

"Hind," Bibi akasema.

Hind akatikisa kichwa, ndiyo, uso ameufunika.

"Na mimi nahesabu," akasema Bibi. "Usimtoe. Akiachia mwenyewe ndiyo imetimia. Akikatizwa na kikohozi haivunji."

Alinyonya ziwa la kulia mpaka likawa tupu, akahema, nikamhamisha akanyonya la kushoto. Alikuwa dhaifu hata akasahau katikati, nikamgusa shavu akaendelea. Sijui ilichukua muda gani. Mwishowe akaachia, mdomo wazi, maziwa yanamtoka pembeni, amelala. Bibi Shamsa akasogeza punje. "Tano," akasema, akaenda kuswali alasiri.

Usiku huo upepo ukalala. Asubuhi boti ya kisiwa kikubwa ikaja na makopo sita ya maziwa na barafu. Tangu siku hiyo sikumnyonyesha tena, hata mara moja. Hind alimchukua mwanawe na makopo yake, akawa ananyanyua chupa kila anaponiona, na siku tuliyong'oa nanga nikamsikia anamwambia mumewe, "Tungengoja siku moja tu. Siku moja." Baba Talal akamwambia mtoto asingeifikia siku hiyo. Hind akasema Mungu ndiye ajuaye. Ni kweli, Mungu ndiye ajuaye.

Turudi Jeddah, maana mwaka ule haukuishia gatini. Rukia alinisusa siku mbili, akanipa mgongo kama mke mwenza, siku ya tatu akashika. Kisima cha Asha hakikukauka. Nikarudi jikoni Al-Safa, nikafunga kitambaa kichwani, nikawasha moto. Bibi Shamsa akaja akasimama mlangoni. "Zima," akasema. "Mama wa Majid hapiki. Haoshi vyombo. Mama wa mjukuu wangu hatainama nyumbani kwangu akakusanya mifupa ya wageni."

"Mama wa Majid atakula nini, Bibi?"

"Hilo ulipaswa kulifikiri kule baharini."

Nilidhani ananikomoa. Mwaka mzima nilidhani hivyo. Sasa nina umri wake wa wakati ule na nadhani alisema alichoamini tu. Nimeomba heshima, nikapewa, na heshima ile ikanitoa kazini. Ndani, kwa wageni, Hind alikuwa na maneno mengine. Niliyasikia kupitia kidirisha changu siku nilipokuwa nakunja vitu vyangu. Alikuwa na wanawake watatu sebuleni, wakinywa chai ya mnanaa. "Nne," alikuwa akisema. "Ile ya tano mtoto alisinzia, haikutimia. Watu wa jikoni, ukiwapa kidole, watataka mkono." Wakacheka. Hakuwa mbaya, Hind. Alikuwa msichana aliyeogopa kugawana mtoto wake wa kiume wa pekee na mpishi, na kwa kuwa hakuweza kunichukia kwa kumwokoa, akanichukia kwa kumchelewesha. Hilo la pili alikuwa na haki nalo, na sikupata kumwambia.

Baba Talal akampa Seif barua kwa kafili mwingine, Riyadh, wa malori ya mawe. Tukahamia Manfuha. Chumba kimoja cha udongo, ukuta unamwaga vumbi ukiuegemea, choo cha pamoja, mlango wa bati, na majirani waliokuwa wakizungumza kwa kunong'ona kwa sababu nusu yao hawakuwa na karatasi. Kiangazi cha Riyadh hakina huruma wala bahari. Wiki ya kwanza nililala tu. Wiki ya pili dereva mwenzake Seif akaonja wali wangu akauliza kama naweza kumpikia na yeye. Mwisho wa mwezi nilikuwa na sufuria mbili na watu kumi na wawili, madereva wa Kiyemeni, Wasomali, vijana wetu wawili wa Pemba, wakikaa kwenye mkeka nje ya mlango saa saba kila siku. Jiko la leo lilianza hapo. Watu huniuliza nani alinipa mtaji. Bibi mmoja alinizimia moto, nawaambia, wanadhani ni methali.

Baridi ilipoanza, siku moja asubuhi, gari refu likaingia kwenye kichochoro kisichoingia gari. Bibi Shamsa akashuka na fimbo. Nyuma yake mtumishi amembeba Majid, mkubwa sasa, anatembea kwa kushika vitu, shali ya sufi shingoni. Bibi akaingia chumbani, akatazama kuta, akakaa kwenye mkeka kabla sijamkaribisha. Nilikuwa nakaanga vitunguu.

"Hujanenepa," akasema.

"Hapa hakuna wa kuninenepesha, Bibi."

"Ita wanawake wawili. Waislamu, wenye akili, wasiokuwa na deni kwangu wala kwako."

Nikamwita Mama Saida wa Lamu, jirani yangu wa ukutani, na mke wa Myemeni wa mbele. Wakaja na mikono ya unga. Bibi Shamsa akamweka Majid chini, akamvuta Rukia wangu aliyekuwa akila kipande cha mkate, akawaketisha uso kwa uso. Rukia akampa Majid ule mkate. Majid akautupa.

"Shuhudieni," Bibi akasema, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiarabu. "Huyu alinyonya kwa huyu mara tano za kushiba, kila mara akiachia mwenyewe, mimi nikiwa mbele yake. Huyu na huyu ni ndugu. Haolewi kwake, haoi kwake. Mtakaohojiwa ni nyinyi." Kisha akanigeukia. "Hind anasema nne. Talal anasema hakumbuki. Talal hukumbuka kila tani ya saruji. Mimi nimezeeka. Nikifa itabaki nne."

Mama Saida akasema, "Mungu akulipe, Bibi."

"Asinilipe mimi. Nilitaka kunyamaza," akasema. "Nimejaribu miezi mitano. Haikuwezekana." Akanitazama, macho makavu. "Sikupendi, Zuwena. Ulimwacha mtoto akangoja. Nami niliyafungua makopo. Tutaulizwa kila mtu na lake."

Nikamwuliza kama naweza kumbeba.

"Wako. Unaomba ruhusa ya nini?"

Nikamnyanyua. Alikuwa mzito, ananuka sabuni ya nyumba ile. Alinitazama usoni kwa makini, akatazama mlango, akatazama bibi yake, kisha akapiga kelele za mtu aliyeibiwa, amejipinda mgongo, mikono yote miwili kwa Bibi. Hakunijua. Angenijuaje. Nikamrudisha. Bibi Shamsa akampokea begani, akampigapiga mgongoni, hakunicheka. Akakataa chai, akakataa kungoja wali. Gari likatoka kichochoroni kwa kurudi nyuma, watoto wa mtaa wakilisukuma kwa viganja.

Vitunguu vilikuwa vimeungua. Nikavimwaga nikaanza upya, na kwa mara ya kwanza tangu nianze chakula kikachelewa. Saa nane wanaume walikuwa wamekaa nje wakigonga sahani zao. "Mama Rukia," mmoja wa wale vijana wa Pemba akasema, "leo umetusahau, au Seif kakupeleka matembezini?"

"Nilikuwa na mgeni," nikamwambia. "Mwanangu alikuja."

Wakatazamana. "Mwana gani? Wewe si una binti tu?"

Nikaweka sinia katikati yao, nikawagawia ndimu. "Kuleni," nikasema. "Wali unapoa."